Fedha Unayompa Rafiki: Deni au Shirika?



Somo letu la mara hii si la palizi wala si la kuanika. Ni la fedha za karafuu baada ya kwisha kuwa fedha.

Kila mwenye shamba anajua kuwa mkarafuu haumlipi mtu kila mwezi kama mshahara wa karani. Hulipa kwa msimu, na misimu yenyewe haifanani: mwaka huu umejaa hata matawi yameinama, mwaka wa pili unazunguka shamba zima na pishi haijai. Kwa hivyo mkulima wa karafuu ni mtu wa hali ya peke yake. Miezi mingi hana, kisha kwa wiki chache ana fedha nyingi kwa pamoja, na mtaa mzima unajua kuwa anazo, kwani magunia yameonekana yakipakiwa na majamvi yameonekana yakikunjwa.

Wiki hizo ndizo wanazokuja marafiki. Sisemi kuwa ni watu wabaya. Aghlabu ni watu wema, tena hodari, wenye ujuzi wa biashara ambao sisi wa mashamba hatuna. Anakuja mmoja baada ya sala ya isha, mnakaa barazani, mnazungumza habari za dunia, na kahawa ikikaribia kwisha anasema: “Wewe unazo fedha zimelala. Nipe tufanye biashara, tule sote.”

Hebu tuyapime maneno hayo. “Nipe.” Nikupe kwa njia gani? Zawadi, mkopo, amana au mtaji? “Tufanye biashara.” Mfanyaji nani, mimi na wewe, au wewe peke yako kwa fedha zangu? “Tule sote.” Tule ngapi kwa ngapi, na ikiwa hapana cha kuliwa? Katika maneno machache yale hamna hata jambo moja lililokatwa, na juu yake watu hutoa milioni za shilingi, wakapeana mikono, wakaagana kwa dua.

Katika ofisi ya chama hiki tumewahi kusikiliza ugomvi wa namna hii mara nyingi kuliko ugomvi wa mipaka ya mashamba. Na karibu kila mara asili yake si wizi. Ni kuwa wale wawili, siku ile ya barazani, kila mmoja alikuwa na jina lake moyoni kwa fedha zile zile.

Ziko njia mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Ya kwanza ni deni, ambalo vitabu vya fikihi huliita karadha. Nikikukopesha, fedha zimetoka katika mali yangu zikaingia katika mali yako. Ni zako. Ukinunua saruji, saruji ni yako. Ukinunua mbuzi, mbuzi ni wako. Faida ikiwa mara kumi, yote ni yako, wala sina haki ya kukuuliza umezifanyia nini. Haki yangu ni moja tu, kurejeshewa kiasi kile kile kwa muda tuliopatana. Duka likiungua, unanilipa. Ukiibiwa, unanilipa.

Ya pili ni shirika, na ile ya mmoja kutoa mtaji na mwengine kutoa kazi, masheikh wetu wa Kishafii huiita kiradhi, na wengine huiita mudharaba. Hapa fedha hazikuwa zako. Ni zangu bado, zimo mkononi mwako kwa amana ili uzifanyie kazi. Faida tunagawana kwa sehemu tuliyoitaja. Mtaji ukipungua pasipo uzembe wako wala khiyana, hasara ni yangu mimi mwenye mali, na wewe umepoteza taabu yako. Kwa sababu hiyo ninayo haki ya kutazama daftari, nawe huna haki ya kuzipeleka fedha zile katika jambo jengine.

Mwenye kutaka kujua ipi ni ipi na ajiulize suali hili: saruji ikinyeshewa ikaganda ghalani, imeganda ya nani? Ikiwa jawabu ni “yake, mimi nataka changu,” lile ni deni. Ikiwa jawabu ni “yangu, pole yetu,” lile ni shirika. Marafiki wakikaa wakakubaliana juu ya saruji iliyoganda kabla haijanunuliwa, mengine yote ni mepesi.

Tutoe mfano, na wenye mfano tuwaite Zaidi na Amri, kama walivyozoea walimu wetu wa nahau, ili asije mtu akasema nimemkusudia yeye.

Zaidi ameuza karafuu zake akabakiwa na Sh. 6,000,000. Amri ni rafiki yake tangu chuoni, na amefanya kazi miaka mingi katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Anajua bei, anajua wenye mali, anajua kuwa watu wa mashamba hujenga wakati wa karafuu na kwamba mabati na saruji hutoka upesi wakati huo. Zaidi anampa Amri zile milioni sita. Duka linafunguliwa. Hapana kilichoandikwa.

Mwaka unapita. Wanahesabu. Vitu vilivyomo dukani vina thamani ya Sh. 4,100,000 kwa bei ya kununulia. Fedha taslimu ni Sh. 900,000. Wateja wanadaiwa Sh. 1,700,000. Duka lenyewe linadaiwa na mwenye mali Sh. 300,000. Jumlisha vitatu vya mwanzo, toa cha mwisho: Sh. 6,400,000. Mtaji ulikuwa milioni sita, basi iko faida ya laki nne. Alhamdulillahi.

Hapo Amri anasema, “Nusu kwa nusu, laki mbili kwako, laki mbili kwangu.” Zaidi anasema, “Ngoja. Wewe kila mwezi umekuwa ukichukua elfu hamsini ya matumizi yako. Miezi kumi na mbili, hizo ni laki sita. Ulichukua katika nini?” Amri anashangaa. Kwake yeye zile zilikuwa ujira wa kufungua duka tangu alfajiri mpaka magharibi. Kwa Zaidi zilikuwa ni faida iliyochukuliwa mapema.

Tazameni hesabu inavyogeuka. Ikiwa elfu hamsini zile ni ujira, basi ni gharama ya duka kama kodi, faida ni laki nne, na Zaidi anapata laki mbili. Lakini ikiwa ni sehemu ya faida iliyotangulia, faida ya kweli ya mwaka ilikuwa Sh. 1,000,000, nusu yake laki tano kwa kila mmoja. Amri amekwisha chukua laki sita, kwa hivyo anatakiwa kurejesha laki moja, na Zaidi anapata laki tano. Fedha ni zile zile, duka ni lile lile, na wote wawili ni wakweli. Laki tatu za Zaidi zimeelea hewani kwa ajili ya neno moja ambalo hakuna aliyelitaja barazani.

Kwa sharia, mtu afanyaye kazi kwa mtaji wa mwenzake hajikatii masurufu yake katika mali hiyo kwa kujiamulia mwenyewe; haki yake imo katika faida. Lakini hata asiyeshika kitabu ataona kuwa Amri ana watoto wa kulisha tangu mwezi wa kwanza, wala hawezi kungoja mwaka kujua kama amepata. Kwa hivyo jambo hili lisiachwe. Litajwe: kiasi gani, kila lini, na zihesabiwe katika nini.

Sasa twende kwenye zile Sh. 1,700,000 zilizo kwa watu. Hizi katika daftari ni mali, lakini ni mali iliyolala katika vichwa vya wateja. Nusu ya mji imechukua mabati kwa ahadi ya “karafuu zikija.” Msimu unaofuata karafuu hazikuja, zilikuja pishi mbili tatu. Tuseme laki sita katika hizo hazikulipika. Faida ya laki nne imekwisha, na mtaji wenyewe umepungua laki mbili.

Na hapo ndipo majina yanapobadilika. Mwaka wa faida Zaidi alikuwa akisema “duka letu.” Leo anasema, “Mimi nilikukopesha milioni sita, nataka milioni sita zangu.” Na Amri, ambaye mwaka wa kwanza alianza kufikiri kuwa angalikuwa amekopa tu basi faida yote ingalikuwa yake, leo anasema, “Sisi tulishirikiana, na hasara ni yetu.” Kila mmoja amehamia upande unaomfaa. Anataka kuwa mshirika siku ya kugawa faida, na kuwa mdai siku ya hasara. Au kuwa mkopaji siku ya faida, na mshirika siku ya hasara. Hawa si watu waovu. Ndivyo akili ya binadamu inavyokumbuka pasipokuwa na karatasi.

Wanazuoni wametangulia kuliona hili la kukopesha wateja. Mwenye kufanyia kazi mtaji wa mwengine hauzi kwa mkopo ila kwa idhini ya mwenye mali. Akikopesha bila ya idhini, ile si hasara ya biashara tena, ni dhamana juu yake. Basi suali kwa Zaidi: ulimpa Amri idhini? Atasema hakumpa. Lakini Amri atafungua daftari amwoneshe: shemeji yako, mabati ishirini, uliniambia kwa mdomo wako nimpe atalipa. Binamu yako, mifuko kumi ya saruji. Mwenye mtaji anayepeleka jamaa zake dukani wakachukue kwa mdomo ameshatoa idhini kwa vitendo, na itakuwa vigumu kusema wengine hawakuidhinishwa.

Mtu atauliza: Je, haifai nimpe fedha kisha aniletee kitu maalumu kila mwezi, laki moja tuseme, awe amepata au hakupata? Hili huulizwa sana, nami nalijibu wazi. Ikiwa ni mkopo, laki hiyo ni nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni, na hiyo ni riba, hata mkiiita ahsante. Ikiwa ni shirika, haifai vile vile, kwa sababu faida ya shirika lazima iwe ni sehemu ya kitakachopatikana, nusu au thuluthi au robo, si kiasi kilichokatwa kabla. Huenda duka zima kwa mwezi limepata laki moja. Utaichukua yote, na mwenzako amefanya kazi bure. Mwenye kutaka salama ya deni na utamu wa shirika kwa pamoja anataka kitu ambacho sharia haikumpa, wala akili haimpi.

Na wakitoa fedha wote wawili, huyu milioni nne na yule milioni mbili? Kwa madhehebu yetu faida na hasara hufuata mitaji: thuluthi mbili kwa thuluthi moja. Ziko njia za kumlipa ziada anayekaa dukani. Kwa hilo nendeni kwa masheikh. Vile vile waulizeni wale wanaotaka kushirikiana kukodi mikarafuu na kuchuma, kwani baadhi ya vitabu vya Kishafii huiweka kiradhi katika kununua na kuuza tu, wala si katika kazi za mikono, na kuuza matunda yaliyo juu ya mti kuna masharti yake. Mimi ni katibu, si mufti.

Shirika lenyewe si jambo geni kwetu. Nendeni Kojani mkawaulize wavuvi. Chombo kinaporudi, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mabaharia wana mafungu yao. Usiku usiopata samaki, mwenye chombo hamwendei baharia nyumbani kumdai. Sasa mtu huyu huyu aliyelelewa katika ada hiyo, akipanda juu akafungua duka, anasahau yote, anatoa fedha kama anayetupa mawe kisimani.

Linalowazuia watu ni haya. “Vipi nimwandikishe rafiki yangu? Ataniona simwamini.” Nataka tulikabili neno hili, kwa sababu limeharibu watu wengi.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani si ya sala wala ya saumu. Ni aya ya 282 ya Suratul Bakara, na inahusu kuandika deni. Inawaamrisha waumini wanapodaiana kwa muda maalumu waliandike. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, wala asikatae. Inataka mashahidi, wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili. Inakataza watu wasione uvivu kuliandika, liwe dogo au kubwa. Na ndani yake mna jambo ambalo wengi hulipita: anayemtamkia mwandishi maneno ya kuandika si mwenye kudai, ni mwenye kudaiwa. Yeye ndiye akiri kwa ulimi wake, asipunguze kitu. Hekima yake ni wazi. Karatasi iliyotamkwa na mdaiwa haina wa kuikana. Tena inaondoa aibu, kwani si Zaidi anayemfunga Amri kamba, bali ni Amri anayesema haki iliyo juu yake. Aya inayofuatia inasema habari za walio safarini wasiopata mwandishi: wachukue rehani mkononi.

Maamrisho hayo waliambiwa waumini, watu wa sala moja na safu moja. Basi mwenye kusema kuwa kuandika ni kutoaminiana ana bidii ya kuaminiana kupita waliyotakiwa wao.

Akiona bado ni vizito, na aseme hivi: “Rafiki yangu, mimi na wewe tunajuana. Lakini wanangu na wanao hawajui tuliyoyasema. Tuwaandikie wao.” Sijapata kusikia mtu aliyekasirika kwa maneno hayo. Na kama yuko atakayekasirika, ni vizuri kumjua kabla ya fedha kuliko baada yake.

Walakini karatasi peke yake haitoshi, ikiwa jina lililoandikwa si jina la kitendo. Wazee wetu wanajua habari ya bei ya khiyari. Katika zama za ukoloni na kabla yake, wenye mashamba walichukua fedha kabla ya msimu, na kwa kuikimbia riba haikuandikwa kuwa ni mkopo. Iliandikwa kuwa shamba limeuzwa, na muuzaji ana khiyari ya kulikomboa kwa kurejesha bei kwa muda fulani. Kisha mwenye shamba hubaki shambani mwake kama mpangaji, analipa kodi, na kodi ile ndiyo iliyokuwa faida ya fedha. Muda ukipita, karatasi inasema shamba limeuzwa. Madeni ya wakulima yalikithiri hata serikali ya wakati ule ikachapisha ripoti maalumu juu yake, na mwaka 1934 zikatungwa sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa watu wa jamii nyengine. Watu wale hawakukosa hati. Walikuwa na hati nzuri zenye mashahidi, ila ziliita mkopo mauzo.

Kwa hivyo msiandike “mkopo” mkakusudia shirika, wala “shirika” mkakusudia mkopo, kwa sababu yoyote. Kwa madai ya biashara hamtakwenda kwa kadhi, kwani mahkama yake ni ya ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mambo ya jamaa. Mtakwenda mahkama za kawaida, na hakimu atasoma kilichoandikwa.

Sasa kifo, ambacho watu hawapendi kukitaja katika biashara, ilhali ndicho kinachofanya jambo hili liwe zito.

Mnajua ada yetu. Jeneza limewekwa, na mmoja katika jamaa anasimama kuwaambia watu: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa warithi. Tufikiri kuwa marehemu ni Amri. Zaidi amesimama katika safu. Aseme nini? Akisema “namdai milioni sita,” mjane na mayatima watatafuta katika makaratasi na hawatakuta kitu, na watu watamtazama mtu aliyekuja na madai siku ya msiba. Akinyamaza, duka zima litaingia katika mirathi, na mtaji wake utagawanywa kwa thumuni na sudusi kwa watu ambao hawana haki nao. Na Amri mwenyewe yuko katika hali gani? Deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Lisilojulikana halilipwi, na linabaki juu yake.

Tugeuze. Marehemu ni Zaidi. Mjane wake anajua tu kuwa mumewe “alikuwa na kitu na Amri.” Katika shirika la namna hii kifo cha mmoja kinalivunja shirika, na Amri anatakiwa auze vitu, akusanye madeni, arejeshe mtaji na fungu la faida kwa warithi. Kama Amri ni mcha Mungu atafanya. Lakini hata mcha Mungu atafanya kwa kumbukumbu yake, na bibi yule yumo edani, hawezi hata kwenda kulitazama duka. Tunao katika chama hiki mabibi wenye mashamba yao wenyewe, na wengine waliyapata kwa mirathi. Ninawaomba hasa wao: fedha zenu zikichukuliwa na kaka, na mkwe, na mtoto wa ndugu, takeni karatasi. Ndugu naye ni rafiki aliye karibu zaidi, na yeye ndiye anayeandikishiwa mara chache kabisa.

Kiasi gani mtu atoe? Hapa sharia ya vitabu imekwisha, inabaki sharia ya mfuko. Wachumaji hulipwa kwa pishi, tena taslimu, hawangoji karafuu zikauke zikauzwe. Palizi nayo ni fedha. Mtu aliyetia zote katika duka la rafiki, msimu ukija hana ya kuwalipa wachumaji, na karafuu hazimngoji. Zikichanua juu ya mti zimeharibika. Hapo atamkodisha mwengine mikarafuu yake kwa bei ya shida, na aliyeikodi ndiye atakayeanika. Nimeona shamba zuri likikodishwa namna hiyo misimu miwili kwa ajili ya duka ambalo mwenye shamba hakupata kuingia ndani yake. Basi tenga kwanza ya shamba, ya chakula, ya skuli. Katika kinachobaki, toa kile ambacho kikipotea chote utalala usingizi. Na ikiwa rafiki ana dhiki tu, hana biashara yoyote, usimwite mshirika kwa kumstahi. Mpe kidogo cha zawadi, au mkopeshe kidogo kwa deni lililo wazi, na akishindwa kulipa kwa dhiki ya kweli mpe muda, kama tulivyofundishwa.

Ofisi imetayarisha maneno ya hati mbili. Ya deni ni hii:

“Mimi (jina langu, la baba na la babu), mkaazi wa shehia ya …, nakiri kuwa leo tarehe … nimepokea kutoka kwa … shilingi … (kwa tarakimu na kwa maneno) kwa njia ya mkopo. Nitazilipa zote kabla ya tarehe …, bila ya nyongeza. Fedha hizi ni deni juu yangu, biashara yangu ipate au isipate. Nikifa zilipwe katika mali yangu kabla ya mirathi.”

Na ya shirika ni hii:

“Sisi wawili, … na …, tumepatana kuwa wa kwanza anatoa shilingi … na wa pili anatoa kazi yake. Fedha hizi si mkopo. Ni mtaji wa kununua na kuuza … katika duka lililopo …, wala hazitatumika kwa jambo jengine. Faida, baada ya kutoa kodi, usafiri na gharama za duka, itagawanywa … kwa …, wala haitagawanywa mpaka mtaji utimie. Mtaji ukipungua bila ya uzembe wa mwenye kazi, hasara ni ya mwenye mtaji. Mwenye kazi atachukua shilingi … kila mwezi, nazo zitahesabiwa katika fungu lake la faida. Hatauza kwa mkopo ila kwa idhini ya maandishi, na kwa kiasi kisichozidi shilingi … kwa wateja wote. Daftari litatazamwa na wote wawili kila mwisho wa mwezi. Kila mmoja anaweza kulivunja shirika kwa kumpa mwenzake taarifa ya miezi miwili.”

Chini ziwe saini au dole gumba za wote wawili, za mashahidi, na ya sheha ikiwezekana. Nakala ziwe mbili, moja kwa kila mtu, na kila mmoja amwambie mkewe au mumewe au mtoto wake mkubwa ilipo. Hati iliyofichwa mpaka isijulikane ilipo ni sawa na isiyoandikwa.

Mwanachama mmoja ameniuliza kama fedha zilizotumwa kwa simu zinahitaji hati, kwa kuwa ujumbe wa simu unabaki. Ujumbe ule unathibitisha kuwa fedha zimetoka kwako zikaenda kwake, siku fulani, saa fulani. Hausemi kwa nini zimekwenda. Huenda ulikuwa unamlipa deni lako. Atume basi yeye maneno ya kukiri, kwamba amepokea kiasi kadha, kwa mkopo au kwa mtaji wa shirika, kwa masharti ya hati ya tarehe fulani. Nawe uyahifadhi, na uyaandike mahali pengine pia, kwani simu huanguka baharini.

Nakala za hati zote mbili zipo ofisini kwa wanachama wote, bila ya malipo. Asiyejua kuandika aje na mwenzake na mashahidi wao, tutamwandikia huku mdaiwa akitamka mwenyewe. Waje asubuhi, kabla msimu haujafunguliwa, maana ukishafunguliwa mizani na magunia hayatupi nafasi ya kushika kalamu.

Katibu wa Chama